Jasho la Mgeni na Karo ya Binti

Kila mwaka, katika miji ya Uingereza na ya nchi nyingine za Ulaya, watu wenye kazi zao na jamaa zao hujiandikisha ili wakapande baiskeli katika nchi ya mbali kwa muda wa juma moja au mawili. Huwaendea ndugu, majirani na wenzao wa kazini wakawaambia: "Nitavuka milima ya nchi fulani kwa siku kumi; nichangieni, na fedha zitasomesha wasichana." Wanaoombwa hutoa, baiskeli hupakiwa ndegeni, jasho humwagika, na mwishowe hulipwa karo ya binti ambaye pengine mpandaji hatamwona maishani mwake. Sisi tufundishao huku Uganda tumewaona wasafiri hao wakipita barabarani kwa safu, kofia ngumu vichwani, gari la mizigo likiwafuata polepole. Na baadhi yetu tumewafundisha mabinti waliosomeshwa kwa fedha za namna hiyo.

Jambo tunalotaka kulijadili na wasomaji wa jarida letu ni hili: je, hisani ya namna hii ni hisani kweli? Wako wenzetu waliokwisha kulijibu swali hili kwa haraka. Wengine husema kwamba mkono utoao haufai kuchunguzwa kucha zake. Wengine husema kwamba huu ni utalii tu, uliovishwa kanzu ya sadaka. Tumewahi kuyasikia majibu yote mawili katika chumba cha walimu, kabla kikombe kimoja cha chai hakijapoa, na yote yalitoka kwa mtu yule yule. Hiyo ni dalili kwamba jambo lenyewe lina uzito kuliko linavyoonekana.

Desturi hii si ya kale sana. Katika miaka ya 1960 yalienea huko Uingereza matembezi ya kuchangisha fedha, ambapo mtembeaji aliahidiwa kiasi fulani kwa kila maili atakayoikamilisha. Baiskeli zikafuata. Safari ya kutoka London hadi Brighton ilianza katika miaka ya 1970 ikiwa na wapandaji wachache tu. Huko Massachusetts, Marekani, safari iitwayo Pan-Mass Challenge ilianza mwaka 1980 kwa wapandaji 36, waliokusanya dola zipatazo 10,000 kwa ajili ya tiba na utafiti wa saratani. Safari hiyo hiyo imekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni moja. Baadaye watu wakaanza kwenda ng'ambo, huku Afrika na kule Asia, na madhumuni nayo yakazidi: visima, hospitali, na elimu ya wasichana.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa na utata. Apandaye kutoka London hadi Brighton hahitaji nauli kubwa. Avukaye milima ya mbali huhitaji tikiti ya ndege, malazi, chakula, fundi, kiongozi wa njia na lile gari la mizigo. Ziko njia mbili za kulipia haya. Kwa njia ya kwanza msafiri hujilipia mwenyewe, na michango yote aliyoikusanya huenda kwenye chama cha hisani. Kwa njia ya pili msafiri huahidi kukusanya kiasi kisichopungua kadha wa kadha, kisha sehemu ya fedha hizo hizo humlipia safari yake. Jirani aliyetoa pauni 20 akidhani amenunua vitabu vya binti, huenda kwa njia hii ya pili akawa amenunua chakula cha jioni cha jirani mwenzake. Hatusemi kwamba huu ni wizi. Yuko Mmarekani mmoja, Dan Pallotta, aliyeanzisha mwaka 1994 safari kubwa ya baiskeli huko California kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, akalaumiwa sana kwa gharama zake, na kampuni yake ikafungwa mwaka 2002. Mwaka 2008 alitoa kitabu cha kujitetea, na hoja yake kwa ufupi ni kwamba afadhali shilingi elfu zilizobaki baada ya gharama kubwa kuliko shilingi mia zisizo na gharama yoyote. Ni hoja yenye nguvu, na asiyeikubali hana budi kueleza atawaambia nini wale ambao wangesaidiwa na zile mia tisa.

Lakini hata hoja hiyo haiondoi wajibu wa kusema kweli. Tangu mwaka 1990 serikali ya Uingereza ina utaratibu wa kukirudishia chama cha hisani kodi aliyokwisha kulipa mtoaji, na kwa hesabu ya sasa chama hupata peni 25 zaidi kwa kila pauni. Sasa, endapo chama ndicho kinachomlipia msafiri safari yake, sheria hukataa kuongeza chochote juu ya fedha alizotoa msafiri mwenyewe, mkewe au mumewe, wazazi wake, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja. Mkusanya kodi hatujazoea kumhesabu miongoni mwa wanafalsafa, lakini hapa amegundua jambo ambalo wengi wetu tunalipita: kitu kilichotolewa kwa mkono wa kulia na kurudi kwa mlango wa nyuma hakistahili kuitwa zawadi.

Basi na tuseme kwamba hesabu ni safi, msafiri amejilipia, na kila senti imefika. Je, imebaki lawama yoyote? Wako wasemao kwamba imebaki, kwa sababu msafiri amefurahi. Ameona maziwa na milima, amelala chini ya nyota, amerudi nyumbani na mapaja yenye nguvu na hadithi za kusimulia. Lawama hii ina babu mwenye heshima. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, aliona kwamba mtu anayewasaidia wengine kwa kuwa moyo wake hufurahia kusaidia anatenda jambo jema na la kusifiwa, ila tendo lake halina ile thamani ya kimaadili iliyo kamili, ambayo hutoka katika wajibu peke yake.

Sisi hatukubaliani naye katika hili. Wahenga wetu waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walitaja moyo, hawakutaja uchungu. Mkunga apendaye watoto wachanga hapunguzi thamani ya kazi yake kwa kutabasamu, na mwalimu anayeingia darasani akiimba hafundishi vibaya kuliko yule anayeingia amenuna. Tena tukidai kwamba mtoaji lazima aumie ili tumwamini, tutakuwa tumeifanya sadaka kuwa namna ya adhabu, na binti anayesomeshwa atakuwa sababu ya adhabu hiyo. Hakuna mtoto anayestahili kubebeshwa mzigo huo. Acha mgeni afurahie upepo wa mteremko.

Swali gumu zaidi liko upande wa pili: kwa nini jasho lihitajike kabisa? Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa mzaliwa wa Australia, aliandika juu ya mtu apitaye kando ya kidimbwi akamwona mtoto anazama. Kumwokoa kutachafua nguo zake tu. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba mtu huyo ana hiari. Singer akauliza umbali una maana gani, ikiwa mtoto yuko bara jingine nasi tunaweza kumwokoa kwa gharama ndogo vile vile. Tukiuchukua mfano huu na kuusogeza hatua moja, tunamwona mpita njia anayesimama ukingoni na kuwaambia wenzake: "Nitamtoa mtoto huyu, lakini kwanza semeni kila mmoja atanipa ngapi kwa kila hatua, nami nitaanza kwa kuuzunguka mlima ule." Tungemwita mtu huyo hayawani. Na hata hivyo, kwa umbo lake, safari ya baiskeli inafanana naye. Karo inajulikana ni kiasi gani. Nauli ya ndege inajulikana. Mlima haukuhitajika.

Tulishikwa na hoja hii kwa muda mrefu, na tunakiri kwamba kwa mtu mmoja mmoja mwenye fedha hatujaona jinsi ya kuipangua. Aliye na uwezo wa kulipa karo na alipe. Lakini wapandaji wengi si matajiri. Ni wauguzi, makarani na walimu kama sisi, na mtu wa namna hiyo akilipa peke yake atasomesha binti mmoja kwa muhula mmoja. Akizungukia watu 40 atasomesha zaidi, na watu 40 hao hawamjui binti. Wanamjua yeye. Wanatoa kwa sababu ya urafiki, na urafiki unataka kitu cha kushika mkononi. Ahadi ya kuvuka mlima ni kitu cha kushika: inaonyesha kwamba anayeomba hakuomba akiwa amekaa kitini. Katika jambo hili Wazungu hawana la kutufundisha geni. Mwezi wa Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wengi wa Tanzania walitembea mwaka huo huo kwa ajili hiyo hiyo. Miguu yao haikuzalisha pamba wala kujenga zahanati. Ilitoa ushahidi. Na wenzetu wa Kenya, walioufanya wito wa harambee kuwa wa taifa tangu mwaka 1963, walijenga shule nyingi za sekondari kwa michango iliyotolewa hadharani, jina na kiasi vikitangazwa kwa sauti, na mwenye kutoa akipigiwa makofi. Makofi yale yaliwahi kununuliwa na wanasiasa kwa bei nafuu, hilo tunalijua. Lakini madarasa yalisimama na watoto wakasoma.

Kwa hiyo hatuwezi kumdai mpanda baiskeli atoe kwa siri. Injili na Hadithi za Mtume zote mbili husifu sadaka ya siri, na ni kweli kwamba siri humkinga mtoaji na majivuno. Ila siri ina kazi ya pili ambayo haitajwi sana, nayo ni kumsitiri mpokeaji. Hapa tunafikia kiini cha makala haya, na hapana budi tusimulie jambo lililotupata sisi wenyewe, ambalo halitupi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha katika shule moja ya bweni ya wasichana, milimani, ambako mabinti kumi na wanne walilipiwa karo na kikundi cha ng'ambo kinachochangisha kwa safari za baiskeli. Mara moja wasafiri wenyewe walipita kututembelea. Masomo ya nusu siku yalifutwa, mabinti wakapangwa mistari miwili, nyimbo zikaimbwa. Wageni walikuwa wamefundishwa njiani kusema "Jambo", wakaisema kwa kila mtu, hata kwa wazee wa kijiji ambao maisha yao yote hawajawahi kuamkiwa hivyo, nao wazee wakaitika kwa adabu kubwa wasijue wameulizwa nini. (Somo la salamu lililofuata lilitupa kazi.) Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, aliiacha hafla na kwenda kukaa chini ya mti na mlinzi wa shule, wakatafuta tundu la mpira wa gurudumu katika beseni la maji, na kwa maoni yetu huyo ndiye aliyeijua shule yetu kuliko wenzake.

Kila muhula kila binti alitakiwa kuandika barua kwa mfadhili wake. Mwalimu mkuu aliwapa walimu wa lugha kazi ya kuzisahihisha kabla hazijapelekwa posta. Tuliifanya kwa bidii. Tuliwapa mabinti muundo: salamu, shukrani, maendeleo ya masomo, shukrani tena, dua. Baada ya mihula michache barua zilifanana kama mayai, tukaona fahari, kwa sababu hazikuwa na makosa.

Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili akaandika, baada ya shukrani za kwanza, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Ulisema ulipanda mlima kwa saa tisa kwa ajili ya karo yangu. Baba yangu husukuma baiskeli yenye ndizi mlimani siku mbili kila juma, na mlima haumpi kitu. Anapewa bei ya ndizi tu. Nataka kujua, ulipanda kwa ajili yangu, au ungepanda hata kama mimi sipo? Na kama ungeugua usipande, mimi ningesoma?"

Tulipitisha kalamu nyekundu juu ya maneno hayo yote. Tulimwita ofisini.

"Mwanangu," tulimwambia, "mfadhili hahojiwi hivi."

Akasimama, mikono nyuma, akasema: "Mwalimu, katika insha mnasema mwenye akili huuliza."

"Barua si insha."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaandika upya, kwa mwandiko mzuri, salamu, shukrani, maendeleo, shukrani, dua. Ikapelekwa. Sisi tulirudi kwenye daftari nyingine, lakini swali lake halikurudi mahali lilipotoka.

Marcel Mauss, Mfaransa aliyechunguza mila za watu wengi, aliandika mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi zawadi haiko huru. Humfunga mpokeaji, naye hatulii mpaka arudishe kitu. Binti wa mkulima wa ndizi hawezi kurudisha pauni. Hurudisha alicho nacho: wimbo, barua, picha yake akiwa na sare mpya ili ichapwe katika kijitabu, na habari za umaskini wa nyumbani kwao, ambazo kijijini angeona haya kuzisimulia hata kwa shangazi yake. Habari hizo husomwa na watu 40 asiowajua. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu mtenda wema hakwenda zake, alikuja na kamera. Nasi walimu, tuliokabidhiwa ulimi wa mtoto huyo ili tuunoe, tulikuwa tumeufanya kuwa chombo cha kulipia deni. Tulimfundisha lugha ambayo ndani yake hamna nafasi ya swali. Hilo ndilo lililotuuma, wala si furaha ya wageni, wala kofia zao.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Mpanda baiskeli na apige ngoma ya jasho lake kadiri apendavyo. Jasho ni lake. Asipige ngoma ya umaskini wa binti, kwa maana umaskini huo si mali yake, na binti hakuuza. Kipimo cha hisani hii tunakiona katika jambo moja dogo: je, binti anaweza kukaa kimya, au kuuliza, au kusahau kabisa kuandika, na karo yake ikaendelea kulipwa? Akiweza, amesaidiwa. Asipoweza, ameajiriwa, tena kwa kazi ambayo haikuandikwa popote.

Kuna mwenzetu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya akasema kwamba tunampa binti kiburi. Tukamkumbusha habari za Mola, kijiji kilicho karibu na ziwa la Kariba huko Zimbabwe. Mwaka 1991 mwanamke wa Wales, Ann Cotton, alikwenda huko kuchunguza sababu za wasichana kukosa sekondari. Wengi walikuwa wakisema ni mila. Yeye alikuta ni umaskini: mzazi mwenye uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu alimchagua yule aliyeelekea kupata ajira, yaani mvulana. Na, kama mwenyewe alivyosimulia baadaye, alikutana huko na wasichana wawili, mtu na dada yake, waliokuwa wametembea kama kilometa 100 kutoka kwao kwa sababu karo ya Mola ilikuwa nafuu. Kilometa 100 ni mwendo wa siku moja nzuri kwa mpanda baiskeli wa safari za hisani, mwenye maji, ramani na gari nyuma yake. Hakuna aliyewaahidi wasichana wale senti moja kwa kila maili. Binti wa namna hiyo hahitaji kupewa kiburi na mtu.

Ann Cotton alirudi Uingereza akaanza kwa kuuza keki sokoni Cambridge, na mwaka 1993 chama chake, Camfed, kikaanza kwa kuwalipia wasichana 32. Tunataja keki kwa makusudi. Keki haina hadithi ya ushujaa. Mnunuzi hula, akaenda zake. Na kilichofuata ni cha kuangaliwa zaidi. Mwaka 1998 mabinti waliokwisha kusomeshwa waliunda umoja wao, nao wakaanza kuwasaidia watoto wengine wa vijijini kwao kwa mali yao wenyewe. Na Angeline Murimirwa, aliyekuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo, amefikia kukiongoza chama chenyewe. Lile deni alilolieleza Mauss limelipwa, lakini halikurudishwa nyuma kwa mfadhili. Limepelekwa mbele, kwa mtoto anayefuata.

Tukizungumza juu ya baiskeli na wasichana itakuwa ajabu tusiutaje mkoa wa Bihar, India, ambako baiskeli haikupandwa kwa ajili ya msichana bali na msichana mwenyewe. Mwaka 2006 serikali ya mkoa huo ilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli, rupia 2,000. Wachunguzi wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, walilinganisha Bihar na mkoa jirani wa Jharkhand, wakaona kwamba idadi ya wasichana walioingia sekondari kwa umri wao ilipanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Faida kubwa ilikuwa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Huko Zambia nako, wasichana wa vijijini walipopewa baiskeli, siku za kukosa masomo zilipungua kwa asilimia 28, na muda wa njiani kwa kiasi cha theluthi moja. Sisi tuliokulia mahali ambapo msichana akionekana juu ya baiskeli alisemwa vibaya kijiji kizima, tunaona kwamba baiskeli zile zilibeba kitu zaidi ya madaftari. Barabara ilijaa wasichana, na macho ya watu yakachoka kushangaa.

Binti wa Bihar hakuandika barua. Fedha zilikuwa haki yake, kama maji ya bomba. Ni kweli kwamba wanasiasa nao hupenda shukrani, na mtoa baiskeli, Nitish Kumar, alirudishwa madarakani kwa kura nyingi mwaka 2010. Lakini kura hupigwa kwa siri, na mzazi aweza kupanda baiskeli ya serikali kwenda kuipigia serikali kura ya hapana. Huo ni uhuru ambao hisani, hata iliyo njema, huutoa kwa shida.

Mtu aweza kusema, basi tuwaambie wapanda baiskeli wabaki kwao, tungoje haki. Hatuwezi kusema hivyo. Nchi yetu ilianza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, na hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini mzazi bado ananunua sare, madaftari na mahitaji mengine, na katika nyumba yenye watoto sita tunajua ni nani anayeambiwa asubiri. Haki ikichelewa miaka mitano, binti wa miaka kumi na minne atakuwa na kumi na tisa. Tunayapokea majasho ya wageni, basi, na tunawaomba waje na hesabu zao wazi, na waiache kamera garini.

Tumebakiza habari ya yule binti. Alipofika kidato cha nne aliandika tena swali lake, safari hii kwa ufupi zaidi, na kwa Kiingereza safi kuliko chetu. Mwalimu mwenzetu alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Tulimwomba atuachie barua hiyo. Tulisahihisha neno moja lililokosewa herufi, tukaitia katika bahasha, na kwa majuma matano tulikuwa na wasiwasi juu ya mabinti wale wengine kumi na watatu.

Jibu lilikuja kutoka kwa yule mwanamke wa makamo aliyekaa na mlinzi chini ya mti, ambaye, kumbe, ndiye aliyekuwa mfadhili wake. Alieleza kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alisema angepanda ule mlima hata hivyo, kwa sababu amependa baiskeli tangu utoto, na kwamba sehemu kubwa ya zile saa tisa aliisukuma kwa miguu, jambo ambalo hakuwaambia waliomchangia. Kuhusu kuugua, alisema hakuwa amewahi kulifikiri, na kwamba alipolifikiri aliona haya, akawaandikia wenzake wa kikundi kuwauliza. Karo ya binti itaendelea, apande asipande. Mwishoni akauliza baba yake binti hubeba mikungu mingapi.

Binti alijibu kwa mstari mmoja: sita, na mvua ikinyesha minne.